Mtani Ndani ya Kanzu ya Baba

Wiki iliyopita niliwaacha mimi nikiwa ndani ya tope hadi kifuani. Tope lile nimeshatoka, nguo nimefua mara tatu, harufu bado ipo. Tuendelee nayo hivyo hivyo.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma, nitamweleza kwa ufupi. Naitwa Twalibu, fundi pikipiki wa pale Bungu, barabarani. Nina miaka arobaini na tisa. Shule niliiacha darasa la tano, nayo haikunitafuta.

Baba yangu, Mzee Mwinjuma, alikuwa mkata mikoko wa Kiongoroni, huko delta, ambako huendi ila kwa mashua na mashua haiendi ila maji yakitaka.

Miaka mitatu iliyopita nilimwoza binti yangu Salama. Baba alikuwa njiani na nazi arobaini na kikapu cha kaa, maji yakamkatalia. Watu wakaniambia, "Tumsubiri babu wa bibi harusi." Nikasema, "Fungeni ndoa, pilau linapoa." Baba akafika masaa matatu baadaye, matope hadi kiunoni, akakuta wageni wanachokonoa meno.

Alizitua nazi, akaniambia, "Twalibu, hukunisubiri kwenye harusi. Nami sitakusubiri kwenye maziko yangu." Akageuka, akarudi alikotoka. Tangu siku ile hatukusemezana.

Sasa Jumapili ile simu ikaja kwamba mzee amefariki alfajiri. Nikafika Nyamisati, kwenye bandari ya mashua za delta, mapema asubuhi. Ukasha, mwenye mashua, akaniambia maji yanatoka, tusubiri yarudi, saa nane tutaondoka na maziko ya alasiri tutayawahi. Nikamwambia mimi nimezaliwa huko, naijua njia ya mkato, na kama anaogopa maji auze mashua anunue mbuzi. Nikamsukuma kwa maneno mpaka akaona aibu.

Saa nne tukapanda fungu la tope, mashua ikakwama. Maji yakatukimbia kama yanatudai. Saa tisa mashua ya wale waliosubiri ikatupita kule kwenye mkondo mkubwa, abiria wakitupungia mkono. Nikaruka ili niwafuate.

Ndipo mlipoishia kunisoma.

Ukasha alinivuta kwa upondo, ule mti wake wa kusukumia mashua, kama mtu anayeopoa gunia. Nilipokuwa nimelala kifudifudi sakafuni mwa mashua, akanisemesha kwa upole ambao sikuupenda.

"Fundi, uliniambia ninunue mbuzi."

"Nakumbuka."

"Mbuzi angekuwa ameshafika."

Maji yaliporudi yakatuinua, tukaingia Kiongoroni saa kumi na moja na nusu. Pale kwenye gati alikuwa amesimama mtu mmoja tu, baba yangu mdogo, Hemedy. Sikuhitaji kuuliza. Mikono yake ilikuwa na udongo mkavu hadi kwenye viwiko.

"Tumeshamstiri," akasema.

"Baba mdogo, hamkuweza kunisubiri?"

Akanitazama juu mpaka chini, na tope langu lote.

"Tulitaka. Nikasema labda tungoje kidogo. Wazee wakanikumbusha maneno ya mwenyewe. Kila mtu hapa anayajua, Twalibu. Uliambiwa mbele ya wageni mia mbili na pilau."

Tukaondoka kwenda msibani. Nilikuwa natembea nikidondosha tope njia nzima, watoto wananifuata nyuma wakihesabu vipande.

Nyumbani mikeka ilikuwa imejaa wanaume uani, wanawake ndani. Nikatoa salamu. Kabla hazijaitikiwa, nikasikia kikohozi.

Kikohozi cha baba. Kile cha mara mbili fupi na moja ndefu, kana kwamba anapiga hodi kwenye kifua chake mwenyewe.

Nikageuka, nikaona kanzu ya baba, kofia ya baba na bakora ya baba. Ndani yake alikuwa Mwinyimvua, mtani wetu.

Mnaojua misiba ya kwetu mnajua kazi ya mtani. Yeye ndiye anayewazuia wafiwa wasimfuate maiti. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na maneno yake, husema chochote, naye hakasirikiwi. Ukikasirika unatozwa. Ukoo wa Mwinyimvua ni wakulima wa bondeni, kwao Ngorongo, na sisi wa deltani tumetaniana nao tangu enzi za mababu. Babu yake alimtania babu yangu kaburini. Yeye mwenyewe kaoa Kiongoroni zamani na kuhamia, nadhani ili asikose msiba hata mmoja.

Baba alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Mwinyimvua ni mfupi. Kanzu ilikuwa inafagia uwanja.

"Haa!" akasema kwa sauti ya baba. "Ndiyo kwanza unafika?"

"Mwinyimvua, acha."

"Mwinyimvua ni nani? Mimi Mwinjuma bin Abubakary. Nimezikwa leo alasiri, nimeona uvivu kulala peke yangu huko, nimerudi kunywa uji."

Mikeka ikacheka. Hata Hemedy akaziba mdomo.

"Mbona umejipaka udongo, mwanangu? Wenzako wamekuja juu ya maji, wewe umepitia chini?"

"Nimekwama," nikasema.

"Jamani sikieni, fundi kakwama! Sasa huko Bungu kitu kikikwama si unakipiga teke kinawaka? Ungelipiga teke tope."

Nilisaga meno. Hemedy akaninong'oneza, "Meza, mwanangu. Mtani hakasirikiwi." Nikameza. Neno lilikuwa chungu na lilikuwa na chumvi, maana tope bado lilikuwa mdomoni.

Nikaoga, nikaingia ndani kumsalimia mama.

Mama yangu, Bi Mwanaheri, alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, kajifunika shuka, amekwisha kuingia eda. Nilimshika miguu. Mikono yake ilikuwa baridi. Akanigusa kichwani kama anayepima nazi imekomaa au bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, baba alisema nini juu yangu?"

"Nimekuuliza umekula."

"Sijala. Mama, alinipa radhi?"

Niseme ukweli, tangu ile simu ya alfajiri ndilo jambo nililokuwa nalo kifuani, na si maziko. Pikipiki isiyo na breki huteremka mlima vizuri tu mpaka utakapohitaji kusimama. Ndivyo alivyo mtu asiye na radhi ya mzazi. Miaka mitatu nilikuwa nateremka tu, napiga honi, najiona dereva.

Mama akavuta shuka begani. Halafu akasema, "Wewe uliomba?"

"Sikuomba."

"Basi unataka jibu la swali ambalo hukuuliza?"

Nitawakirieni jambo, mcheke msicheke. Mimi sijawahi kumwomba mtu msamaha tangu nizaliwe. Nikimkanyaga mtu mguu, namuuliza kwa nini aliuweka pale. Mke wangu Rukaya tumekaa miaka ishirini na nne, nikimkosea nanunua samaki mkubwa naweka mezani, basi yeye anajua. Jirani zangu Bungu wakimwona na samaki mkubwa wanauliza, "Leo kafanya nini tena?"

Baba sikumpelekea hata samaki. Utampelekea mtu wa Kiongoroni samaki gani?

"Kuna neno lako," mama akasema mwisho. "Ila siyo leo. Nenda kale."

Siku ya pili ya matanga nilikuwa nimeketi mkekani, nimetulia, najisifu moyoni kwamba nimezoea. Mwinyimvua akaja, kanzu ile ile, kavuta ndoo, kaigeuza, kakaa mbele yangu na bakuli la uji.

"Fundi," akasema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe, "marehemu kaacha neno lako."

"Neno gani?"

"Ngoja uji upoe."

Nikangoja. Akapuliza. Akaonja.

"Bado una moto."

"Mwinyimvua, sema."

"Hee! Na sukari haikukolea. Nani kapika uji huu? Mwinjuma hakuwa anakunywa uji wa namna hii, ndiyo maana kaondoka."

Watu wakacheka. Nikahesabu moyoni mpaka kumi.

"Sema basi, kaka."

"Alisema hivi." Akainua kidole, akakohoa kile kikohozi cha baba, watu wote wakanyamaza. "Alisema... ninawe kwanza."

Ndugu msomaji, nilimkamata ukosi. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe. "Vua kanzu ya baba! Vua!" Nikavuta, na kanzu ikalia kraaa, ikachanika kutoka kwapani hadi ubavuni.

Uji ulikuwa umemwagika mapajani mwa Mwinyimvua, na ulikuwa kweli una moto, hakudanganya. Lakini hakulalamika. Alikaa tu, akautazama ule mpasuko, akasema taratibu, "Baba yako aliivaa kanzu hii miaka tisa na mikoko yote haikuichana."

Hemedy alisimama. Yeye ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi.

"Jogoo mmoja kwa mtani. Na kanzu utaishona wewe, kwa mkono wako."

"Baba mdogo, mimi nashona matairi."

"Leo tairi lako ni hilo."

Nikapewa sindano na uzi. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba na kanzu ya baba mapajani. Wanawake walikuwa wanapita na masufuria, kila anayepita ananipa ushauri. "Fundi, umeweka mshono au kovu?" "Fundi, huko kwenye kwapa acha nafasi, marehemu atapunga mkono vipi?"

Sikuwajibu. Kanzu ilikuwa na harufu ya tumbaku na ya maganda ya mikoko. Nilikuwa mtoto wa miaka saba mara ya mwisho kuwa karibu na harufu ile hivyo, nimebebwa begani tukivuka mto mdogo, na yeye ananiambia nisimzibe macho. Nilishona polepole. Si kwa sababu ya ushauri wa wale mama. Sikutaka kumaliza.

Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga na kufunga msiba, nilikwenda kwenye gati asubuhi kwa sababu hapo tu ndipo simu inaposhika. Rukaya alipokea kabla haijaita mara mbili.

"Baba Salama, uko wapi?"

"Niko Kiongoroni, nitakuwa wapi?"

"Salama kaanza uchungu."

Salama, yule yule wa harusi. Mimba yake ya kwanza, na kwa desturi alikuja kujifungulia kwetu, kwa mama yake. Tangu mwezi wa sita wa mimba alikuwa ananiuliza, "Baba, siku hiyo utakuwepo?" Nami nilikuwa nimemwahidi mara nyingi kuliko ninavyowaahidi wateja pikipiki zao. Mjukuu wangu wa kwanza. Akiwa mwanamume, jina lilikuwa limeshapatikana, ni la mzee.

"Uchungu mwingi?"

"Ndiyo kwanza unamchezea. Mkunga anasema ni leo usiku au kesho. Anakuuliza wewe tu. Tanga likianuliwa, panda mashua. Mtoto huyu hatasubiri maji yenu."

"Nakuja na maji ya mchana. Mwambie nimesema nakuja."

"Nimwambie umesema?" Rukaya akacheka kidogo, cheko lake la samaki mkubwa. "Nitamwambia umeapa."

Nikamwona Ukasha anasafisha mashua yake. Nikamwendea kwa adabu, adabu ambayo hata mimi sikuijua.

"Ukasha, unaondoka saa ngapi?"

"Maji yakigeuka. Saa sita na kitu. Au fundi ana saa nyingine?"

"Sina. Nakusikiliza wewe."

Akatikisa kichwa. "Tope lina elimu," akasema.

Dua ikasomwa, chakula kikaliwa, nguo za marehemu zikaletwa zigawiwe. Hemedy alipata koti. Wengine wakapata mashuka na misuli. Shoka la baba la kukatia boriti likawekwa kando bila kutajwa mwenyewe. Kanzu ilikuwa bado mwilini kwa Mwinyimvua, na mshono wangu ubavuni unaonekana toka mbali, mweusi, maana uzi mweupe uliniishia.

"Kabla sijaivua," Mwinyimvua akasema, "mzee anataka kwenda gatini mara ya mwisho."

Akachukua ile ndoo. Akatembea mwendo wa baba, ule wa mguu mmoja kuwa na haraka na mwingine kutokuwa na habari, mpaka ukingoni mwa uwanja, pale unapoyaona maji. Akaigeuza ndoo, akakaa. Akaweka kiganja juu ya macho.

"Wee! Mashua hiyo! Mmetoka Nyamisati?"

Vijana wote waliokuwa mkekani wakajibu pamoja, "Tumetoka Nyamisati, mzee!"

"Hamkumpakia mtu mmoja mnene, mbishi, mikono ina oili?"

"Hatukumpakia, mzee!"

"Mliangalia vizuri? Huwa anakaa nyuma, anamfundisha nahodha."

"Tuliangalia, mzee!"

"Haya. Labda maji ya kesho."

Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Nami nilicheka, sina haja ya kuficha. Mnene, mbishi, anamfundisha nahodha. Ukasha alikuwa amekuja kusimama pembeni, akanionyesha kidole, tukacheka zaidi.

Mwinyimvua akainuka, akazunguka ndoo, akakaa tena. Sasa anaigiza siku nyingine.

"Wee! Mashua hiyo! Mmetoka Nyamisati?"

"Tumetoka Nyamisati, mzee!"

Hapo kicheko kikaanza kunikauka. Niliwatazama wale vijana. Walikuwa wanajibu bila kuangaliana, bila kupangana, kama watu wanaoitikia dua. Hakuna aliyewafundisha asubuhi ile. Walikuwa wameyajibu maneno hayo mara nyingi.

Nikamgeukia Hemedy. "Baba mdogo, haya kayatunga Mwinyimvua?"

"Atunge wapi? Huyo hana akili ya kutunga. Ndivyo baba yako alivyokuwa akifanya kila maji yakijaa."

"Tangu lini?"

"Tangu aliporudi harusini na tope lake. Wiki moja alinuna. Ya pili akachukua ndoo."

"Miaka mitatu?"

"Na siku za mvua. Akirudi tunamuuliza ulikuwa wapi, anasema nilikwenda kuangalia maji."

"Mbona hamkuniambia? Ningekuja!"

"Alitukataza. Alisema mtu akiitwa, huyo hajaja, kaletwa."

Nikakumbuka jambo. Pale Bungu gereji yangu imetazama njia ya kutoka Nyamisati. Miaka mitatu, kila gari lilipotoka njia ile na kusimama, mimi nilikuwa nainua kichwa kutoka kwenye injini. Rukaya alikuwa akiniuliza, "Unatafuta nini?" Namwambia, "Naangalia foleni." Bungu tangu lini ina foleni?

Basi mmoja amekaa kwenye ndoo anaangalia maji, mwingine ameinama kwenye injini anaangalia foleni. Ingekuwa ni misiba ya watu wengine, ningecheka mpaka nikohoe.

Niliinuka. Sijui nani aliinua miguu ile, lakini ilikuwa yangu. Nikapita katikati ya mikeka, watu wakanipisha. Nikafika mbele ya ndoo, mbele ya kanzu yenye mshono mweusi, nikapiga magoti. Magoti yakalia, maana si ya mtu mdogo.

Mwinyimvua akashusha kiganja. Akanitazama. Nilimwona anatafuta mzaha.

"Baba," nikasema. Sauti ilikwama kama pikipiki iliyolala mvuani. Nikaipiga teke la pili. "Baba, niwie radhi. Sikukusubiri. Sikuwa na sababu. Pilau lilikuwa halijapoa."

Ndani, vishindo vya sufuria vilikoma.

Mwinyimvua aliufungua mdomo, akaufunga. Mtu yule alimtania kadhi, alitania harusi yake mwenyewe, alimtania mganga aliyemtoa jino akiwa bado ameshika jino. Siku hiyo alivua kofia ya baba polepole, akaiweka gotini, na macho yake yalikuwa na maji.

"Fundi," akasema kwa sauti yake, "mimi nimeachiwa mzaha. Radhi sikuachiwa."

"Nani kaachiwa?"

"Mimi hapa," ikasema sauti nyuma ya pazia la mlango.

Mama. Hakutoka, wala hangeweza kutoka mbele ya wanaume na eda yake. Lakini pazia lile lilikuwa jepesi na mama yangu hajawahi kuwa na sauti ndogo.

"Twalibu. Umeyasema kwa kinywa chako?"

"Nimeyasema, mama."

"Mbele za watu?"

"Wote hawa."

"Na Ukasha kasikia?"

"Nimesikia, bibi!" Ukasha akadakia.

"Basi sikiliza. Alhamisi, siku tatu kabla hajaondoka, babako aliniita. Akaniambia, mke wangu, mwanao mbishi, lakini siku moja ataomba. Akishaomba, jibu lake ni hili. Akanipa neno moja. Ninalo."

"Nipe, mama."

"Hakusema nikupe leo."

Mikeka ikaguna.

"Alisema hivi," mama akaendelea, na nikasikia anaiga sauti ya mumewe, vizuri kuliko mtani. "Masaa matatu yalimshinda. Sasa na asubiri yeye. Siku utakayotoka eda ndiyo siku utakayompa. Miezi minne na siku kumi. Na asisubirie Bungu kwenye viti vyake vya plastiki. Asubirie hapa, akate mikoko kwa shoka langu, ale tunachokula, ajue maji yanajaa saa ngapi. Akipanda mashua kabla ya siku hiyo, hata kwa nusu siku, neno langu usimpe. Ufe nalo."

Mtu mmoja mkekani akasema, "Lahaula!"

"Mama," nikasema, "alisema hayo kwa hasira?"

Pazia likatikisika kidogo.

"Alikuwa anacheka, mwanangu. Akakohoa, akacheka tena, mpaka nikamshika kifua. Lakini babako nilikaa naye miaka hamsini na moja, na cheko lake la msamaha na la kukomoa sikuwahi kuyatofautisha."

Hemedy alilichukua lile shoka kutoka kando, akaja akaliweka miguuni mwangu.

"Mama, Salama kaanza uchungu. Nimemwahidi."

Mama akajibu kwa sauti ndogo ambayo nimesema hana, "Hilo babako hakulijua. Nami wosia si wangu, siwezi kuupunguza."

Na hapo hapo, kama aliyetumwa, Ukasha akageuka kuyatazama maji. Alitaka kunyamaza, nilimwona. Lakini maji hayamngojei mtu, na mimi ndiye niliyekuwa mfano hai wa jambo hilo.

"Yamegeuka," akasema. "Fundi, naondoka. Nikichelewa, tunalala kwenye fungu."

Simu mfukoni haikuwa na mtandao, lakini niliishika. Mkono mwingine ulikuwa juu ya mpini wa shoka. Mpini ulikuwa umelika mahali pa vidole, na vidole vyangu vikaingia humo sawasawa.

Ukasha akashuka kwenda gatini. Nikasikia mashine ya mashua inakohoa, inazima, inakohoa tena. Plagi yake ilikuwa mbovu, nilijua toka Jumapili. Hakuna aliyeniambia niende, hakuna aliyeniambia nikae. Walikuwa wananitazama tu, uwanja mzima.

Mashine ikawaka.

Nikainuka.

Na Mwinyimvua, kanzu ya baba bado mwilini, akarudisha kofia kichwani, akakaa vizuri kwenye ndoo yake, akaweka kiganja juu ya macho, aone kama mashua itaondoka nami.